UMBALI WA NDEGE SI UMBALI WA SAFARI

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali, Kitangari, Newala



Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo ilisemwa juu ya watu, lakini yafaa sana isemwe pia juu ya ramani. Ramani ya Tanzania ikitandazwa mezani ofisini, Mtwara huonekana iko jirani na Dar es Salaam, na Songea huonekana iko mkabala na Mtwara, mstari mmoja ulionyooka kuelekea magharibi. Rula ikiwekwa juu yake, hesabu huisha kwa nusu dakika: kilomita 400 hadi Dar es Salaam, kilomita 500 hadi Songea. Ndege huenda kilomita 500 kwa saa. Basi safari ni ya saa moja. Nani tena atalalamika kwamba Kusini ni mbali?

Shabaha ya mazungumzo haya ni kuonyesha upungufu wa hesabu hiyo, ambayo kila tarakimu yake ni ya kweli. Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege ni jambo moja. Muda ambao ndege hukaa angani ni jambo la pili. Muda anaoutumia msafiri kutoka mlangoni pake hadi mahali alipotumwa ni jambo la tatu, nalo ndilo wananchi wanaloishi nalo kila siku. Ofisi ikipanga kwa jambo la kwanza na watu wakisafiri kwa jambo la tatu, matokeo yake hujulikana: mwalimu aliyepewa uhamisho huhesabiwa mchelewaji kabla hajafunga mizigo, mgonjwa wa rufaa hupangiwa siku ambayo hawezi kufika, masurufu ya safari hukadiriwa pungufu, na mtumishi hulazimika kukopa njiani.

FUNZO LA SHIMO LA MUNGU

Watu wa Newala hawahitaji ndege ili walielewe jambo hili. Mji wao umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na mahali panapoitwa Shimo la Mungu ukingo huo umekatika ghafla. Anayesimama pale huliona bonde limetandazwa chini yake, na mbali zaidi mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji. Kwa jicho, nchi ile ya chini iko karibu. Kwa miguu ni habari nyingine: njia hupinda na kurudi, mtu hushuka akijishikilia na hupanda akihema, na jua huzama kabla shughuli aliyoiendea haijamalizika. Ndege mwenye mabawa na mwanamke mwenye ndoo kichwani huanzia mahali pamoja na huishia mahali pamoja, lakini hawasafiri safari moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa maji pia. Udongo wa uwanda wa Makonde hunywa mvua upesi wala hauachi mito juu yake, na kwa vizazi vingi watu walishuka mabondeni kutafuta maji. Mradi wa maji wa Makonde ulipotegemea chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, kazi kubwa ilikuwa ni kuyapandisha maji hayo hadi vijiji vya juu. Fundi wa pampu akipewa kilomita za bomba peke yake, hawezi kuchagua pampu. Sharti aambiwe na kimo. Kadhalika, mpangaji wa safari za watu akipewa kilomita peke yake, hawezi kupanga safari. Sharti aambiwe na hali ya njia, na saa.

HESABU YA ANGANI

Hata hivyo, hesabu ya angani yenyewe isidharauliwe. Ni hesabu safi, na mwalimu wa sekondari aweza kuifundisha kwa chaki na ubao tu. Duara la dunia limegawanywa katika digrii 360, na kila digrii katika dakika 60. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ndiyo sababu marubani, kama manahodha, hupima safari zao kwa maili hiyo.

Kiwanja cha ndege cha Mtwara kiko karibu na latitudo ya digrii 10 na dakika 20 kusini, longitudo ya digrii 40 na dakika 11 mashariki. Kile cha Songea kiko karibu na digrii 10 na dakika 41 kusini, digrii 35 na dakika 35 mashariki. Tofauti ya longitudo ni digrii 4 na dakika 36, yaani dakika 276. Lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoiacha ikweta; kwa hiyo dakika hizo huzidishwa kwa kosaini ya digrii 10 na nusu, ambayo ni 0.983, na hupatikana maili 271. Tofauti ya latitudo ni dakika 21, yaani maili 21. Kwa kanuni ya Pithagorasi, umbali wote ni maili 272, ambazo ni kilomita 504 hivi.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kati ya Mtwara na Dar es Salaam, jibu ni maili 215, yaani kilomita 398, na kwa kawaida husemwa kilomita 400. Kati ya Dar es Salaam na Songea ni kilomita 580. Pembetatu hiyo ya miji mitatu ifaa ikumbukwe, kwa maana itarudi mbele.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hulifurahia. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne za saa. Kwa hiyo, ingawa Mtwara na Songea hutumia saa ile ile ya Tanzania, jua la Mtwara hutangulia lile la Songea kwa dakika 18 hivi. Mwalimu aliyezoea kuanza vipindi vyake Kitangari kukiwa kumepambazuka vizuri, akihamia Songea atakuta saa ile ile kungali na giza kidogo. Mwendo wa kwenda magharibi huonekana hata katika mapambazuko.

DAKIKA 53 ZA NUSU KARNE

Hesabu ya umbali ikikamilika, hufuata hesabu ya muda. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilitumia ndege aina ya Dakota katika njia zake za ndani. Dakota ilikwenda kilomita 270 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 400 za Mtwara hadi Dar es Salaam huchukua dakika 89. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania, ambalo lilikuwa na ndege za Fokker Friendship zenye mwendo mkubwa zaidi. Baadaye zikaja ATR, ambazo huenda kilomita 500 hivi kwa saa na kuumaliza umbali huo kwa dakika 48. Mwaka 2016 shirika la taifa lilipofufuliwa lilipokea ndege za Bombardier Q400, zenye uwezo wa kwenda kilomita 660 kwa saa. Nazo humaliza kilomita 400 kwa dakika 36.

Dakika hizo ni za mwendo kamili angani. Juu yake sharti ziongezwe dakika za kutembea kiwanjani, kupanda, kupunguza mwendo na kutua, na ndiyo maana ratiba huonyesha saa moja au zaidi kidogo. Upepo nao una fungu lake: ndege ya kilomita 500 kwa saa ikikutana na upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa, dakika 48 huwa 53, upepo ukiwa wa nyuma, huwa 44.

Sasa tofauti itazamwe. Kutoka Dakota hadi Q400, muda unaozidi nusu karne, maarifa yote ya watengenezaji wa ndege yamempunguzia msafiri wa Mtwara dakika 53. Si haba, lakini ni dakika 53 tu.

Katika muda huohuo mambo gani yalitendeka chini? Msafiri wa barabara kati ya Mtwara na Dar es Salaam alikuwa akingojea kivuko kwenye mto Rufiji, na baada ya hapo akapambana na mchanga na matope ya Kilwa na Lindi. Wakati wa masika safari hiyo ilihesabiwa kwa siku, na palikuwa na misimu ambayo barabara haikupitika kabisa. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na kivuko kikaacha kuwa mlango wa Kusini. Kipande kilichosumbua kwa muda mrefu, cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, nacho kikatiwa lami. Leo basi huondoka Mtwara alfajiri na kuingia Dar es Salaam siku hiyohiyo, mwendo wa kilomita 560 hivi. Daraja moja na lami vimemwokolea msafiri siku nzima, na pengine siku tatu, mahali ambapo mabawa yenye kasi zaidi yalimwokolea dakika 53. Huo ndio ukweli ambao rula juu ya ramani haiwezi kuusema.

VIWANJA VYA KUSINI VILIKOTOKA

Haifai kuzungumza juu ya viwanja vya Kusini bila ya kukumbuka asili yake. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, ikajengwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea, na vikafunguliwa viwanja vya ndege. Mpango ukaachwa mwaka 1951, kabla bandari haijafunguliwa mwaka 1954. Reli ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari na viwanja vya ndege vikabaki.

Funzo la historia hiyo ni wazi. Njia za usafiri zilichorwa kwa kufuata mzigo uliotarajiwa wala si kwa kufuata mahali watu walipokuwa wakiishi. Ndiyo sababu Nachingwea na Masasi zina viwanja viwili vya ndege vilivyoachana kilomita 41 tu kwa mstari wa angani, umbali ambao ndege ndogo huumaliza kwa dakika kumi na ambao hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeukatia tiketi. Ilhali vijiji vya uwanda wa Makonde, vyenye watu wengi na korosho nyingi, vilikaa miaka na miaka bila barabara ya kudumu.

MLANGO HADI MLANGO

Hebu sasa uchukuliwe mfano wa mwalimu wa Kitangari aliyeitwa Dar es Salaam kwa kazi. Mfano huu ni wa hesabu tu, na kila msikilizaji aweza kubadili tarakimu kwa kadiri ya uzoefu wake. Kutoka Kitangari hadi kiwanja cha ndege cha Mtwara, kwa mstari wa angani, ni kilomita 100 hivi. Lakini mwalimu hana mabawa. Hupanda gari, hushuka, hungojea jingine, na ichukuliwe kwamba saa nne zimepita. Kiwanjani hutakiwa kufika saa mbili kabla ya ndege kuruka. Safari ya ndege yenyewe, kutoka kufungwa milango hadi kufunguliwa, ni saa moja. Kuchukua mizigo na kupenya msongamano wa magari hadi mjini ni saa moja na nusu. Jumla ni saa nane na nusu, yaani dakika 510. Dakika za kwenda kwa kasi angani ni 48. Hazifikii hata sehemu moja ya kumi ya safari.

Basi la moja kwa moja, tuseme, lingemchukua saa 11. Kwa hiyo ndege imemwokolea saa mbili na nusu. Na hilo ni kwa sharti kwamba siku hiyo ndege ipo, nafasi ipo, na gari la kutoka Kitangari halikuharibika njiani. Kama ndege huja mara tatu tu kwa juma, na mwalimu amepata barua jioni baada ya ndege kuondoka, atangojea siku mbili ili aokoe saa mbili. Basi la alfajiri lingekuwa limekwisha kumfikisha, na nguo zake zimekwisha kufuliwa.

Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kanuni ambayo karani yeyote aweza kuitumia. Safari yoyote ya ndege, iwe fupi iwe ndefu, hubeba mzigo wa saa tatu hivi za ardhini: kufika mapema, kungojea, kushuka, kuingia mjini. Katika saa tatu hizo gari linalokwenda wastani wa kilomita 65 kwa saa hufika kilomita 195. Basi, mahali penye barabara nzuri, chini ya kilomita 200 hivi ndege haiwezi kulishinda gari, hata ingekuwa na kasi ya risasi. Masasi na Mtwara, ambazo kwa barabara ya lami zimeachana kilomita 200 hivi na kwa ndege kilomita 160, ziko mpakani mwa kanuni hiyo. Kwa mtumishi wa kawaida, safari hiyo ni ya gari.

Hapa ndipo barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, inapopata uzito wake katika hesabu ya ndege. Kipande cha kwanza cha kilomita 50, hadi Mnivata, kilianza kutiwa lami. Kile cha kilomita 160, kutoka Mnivata hadi Masasi, kikaingizwa katika mpango wa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa katika njia ya vumbi hutumia saa nne kwa kilomita 160. Likiweza kwenda wastani wa kilomita 60, hutumia saa mbili na dakika 40. Zimeokolewa dakika 80. Lami hiyo peke yake yampa msafiri dakika nyingi kuliko zile 53 alizopewa na maendeleo yote ya ndege tangu Dakota. Anayetaka kuileta Newala karibu na kiwanja cha ndege, na aanze na greda.

PEMBETATU YA SONGEA

Kwa safari ya Mtwara hadi Songea mambo hugeuka. Kwa barabara, kupitia Masasi, Mangaka, Tunduru na Namtumbo, ni kilomita 660 hivi. Hata sasa lami ilipokwisha kuunganisha mikoa hiyo miwili, ni safari ya kutwa. Ndege ya moja kwa moja, kwa kilomita 504, ingekuwa hewani saa moja, na pamoja na zile saa tatu za ardhini, safari ingekuwa ya saa nne. Hapo ndege ingelishinda gari bila ubishi.

Lakini ratiba hufuata abiria walipo wengi, na abiria wengi wa mikoa huenda Dar es Salaam. Pale ambapo ratiba haina ndege ya moja kwa moja, msafiri wa Mtwara aendaye Songea hupelekwa kaskazini kilomita 400, kisha hurudishwa kusini-magharibi kilomita 580. Jumla ni kilomita 980, karibu mara mbili ya mstari ulionyooka. Ndege ya pili ikiwa imekwisha kuondoka, hulala Dar es Salaam, na gharama ya malazi huingia katika safari ambayo ramani iliiita ya saa moja. Mwenzake aliyepanda basi Masasi kwenda Songea atakuwa amekwisha kuripoti kazini.

Ofisa anayeandika barua ya uhamisho na kutia ndani yake tarehe ya kuripoti hana budi kuifahamu pembetatu hiyo. Jambo hilo si dogo. Mwalimu mwenye mke, watoto watatu, na vitanda viwili hasafiri kwa mstari wa angani.

SIKU BARABARA INAPOKATIKA

Je, yote hayo yana maana kwamba viwanja vya ndege vya mikoani ni anasa? La, hasha. Thamani ya kiwanja cha ndege haipimwi kwa siku ya kawaida peke yake. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga kilichopewa jina la Hidaya vilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa, na mabasi ya mikoa ya Kusini yakasimama. Kwa siku zile, njia ya magari iliyobaki ya kufika Masasi ilikuwa ni kuzunguka kwa Iringa, Njombe na Songea, mwendo unaozidi kilomita 1,300. Kilomita 400 za angani hazikuongezeka hata moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa ambaye hawezi kuvumilia saa 11 za barabara, kwa dawa au damu inayohitajiwa upesi, na kwa mtaalamu mmoja anayengojewa na watu wengi. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 240 kwa saa hutoka Masasi hadi Mtwara kwa dakika 40, wala haiulizi kama daraja limevunjika. Kurefushwa kwa barabara ya kurukia ndege ya Mtwara hadi mita 2,800, na kuwekwa taa, kuna maana kubwa zaidi katika siku za namna hiyo kuliko katika siku za kawaida. Kwa maana dharura haichagui saa za mchana.

Kwa hiyo barabara na kiwanja havipingani. Barabara humhudumia kila mtu kila siku. Kiwanja huwahudumia wachache siku nyingi, na humhudumia kila mtu siku moja mbaya. Kosa ni kukichukua kipimo cha kimoja na kukitumia kwa kingine.

WAJIBU WA OFISI NA WA DARASA

Yapo mambo matatu ambayo watumishi waweza kuyafanya bila kungojea fedha yoyote. Kwanza, kila ofisi ya wilaya iwe na jedwali la saa badala ya jedwali la kilomita peke yake. Jedwali hilo lionyeshe muda wa kutoka kila kata hadi makao ya wilaya, hadi hospitali ya rufaa, hadi kiwanja cha ndege, hadi Dar es Salaam. Tena muda wa kiangazi na muda wa masika, kila mmoja katika safu yake. Tarehe za kuripoti, masurufu, na ahadi za rufaa zihesabiwe kwa safu ya masika panapokuwa na masika.

Pili, wanapolinganisha ndege na gari, makarani wahesabu safari nzima, mlango hadi mlango, pamoja na siku za kungojea ndege. Nauli ya ndege inayookoa saa mbili za mtu mmoja yaweza kuwa matumizi mabaya. Nauli ileile inayookoa siku mbili za mtaalamu anayengojewa yaweza kuwa akiba.

Tatu, watumishi waelezwe kusoma tiketi. Tiketi za ndege huandikwa kwa saa 24. Iliyoandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi, wala si saa saba mchana. Na ya saa saba mchana huandikwa 13:00. Msafiri aliyetoka Kitangari usiku kucha akafika kiwanjani kwa kuhesabu saa saba, hukuta ndege imeondoka saa sita kabla yake. Hapo kasi ya Q400 haimsaidii neno.

Walimu nao wana lao. Hesabu ya digrii na dakika iliyotajwa hapo juu yafaa iingie darasani pamoja na hesabu ya barabara. Wanafunzi wa Newala na Masasi wapewe kazi ya kupima mstari wa angani kutoka kijiji chao hadi Mtwara, kisha wawaulize wazazi na madereva muda wa njia, kisha wagawe kimoja kwa kingine. Watagundua kwamba kati ya Mtwara na Dar es Salaam kila kilomita 10 za angani ni kilomita 14 za barabara, na kwamba katika njia za uwanda wa Makonde saa huongezeka upesi kuliko kilomita. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake, siku atakapokaa nyuma ya meza ya mpango, hatadanganywa na rula.

Nchi yetu ni pana, na hakuna ndege wala greda itakayoifanya iwe ndogo kwa siku moja. Lakini katika wingi wa mambo yasiyowezekana mara moja, hili moja lawezekana leo: kuupima umbali pale msafiri alipo, mlangoni kwa nyumba yake, saa ile anayoondoka, katika majira yale anayosafiri. Kitangari iko kilomita 100 kutoka kiwanja cha ndege cha Mtwara. Iko pia saa kadhaa kutoka hapo. Tarakimu hizo mbili zote ni za kweli, na mtumishi mwema huziandika zote mbili kabla hajatia saini.